UJIRA SI SADAKA: Nani Alipe Jasho la Wachezaji wa Vyuo vya Marekani?



Afanyaye kazi ana haki ya ujira, na anayedaiwa ujira huo ni yule aliyenufaika na kazi. Jambo hili halihitaji mwanachuoni wa kulifafanua. Kila aliyepata kumwita mpagazi sokoni analijua. Dhulma huanza pale mwenye mali anapoipa kazi jina jingine ili asilipe. Na akishabanwa na mahakama, hutafuta mfuko wa mtu mwingine wa kulipia, ili wake usiguswe. Katika toleo hili tunataka kulitazama jambo hilo mahali ambapo limejidhihirisha kwa fedha nyingi mno na mchana kweupe: katika vyuo vikuu vya Marekani na wachezaji wao.

Huenda akatokea mwenye kuuliza: sisi na michezo ya Wamarekani, wapi na wapi? Tunamjibu kwamba watoto wetu wamo humo tangu zamani. Mkenya Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State University alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81 za mwaka 1978. Mtanzania Suleiman Nyambui alikuwa akikimbilia chuo cha El Paso, Texas, katika miaka ile ile aliyotwaa medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Hadi leo makocha wa vyuo hivyo huja Bonde la Ufa kutafuta miguu yenye mbio. Basi ni haki yetu kuuliza miguu hiyo inalipwaje, na kwa fedha ya nani.

Jina lililobuniwa kukwepa deni

Kwa miongo mingi vyuo hivyo vilisema kwamba mchezaji hafanyi kazi. Huyo, walisema, ni mwanafunzi anayecheza kwa mapenzi yake, na malipo yake ni ufadhili wa masomo. Chama kinachosimamia michezo hiyo, NCAA, kilimwita kwa jina la kuunganisha: mwanafunzi-mwanamichezo.

Tulitazame jina hilo lilikotoka. Mwaka 1955 kijana Ray Dennison, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani katika chuo cha Fort Lewis A&M, jimbo la Colorado, aliumia kichwa uwanjani akafa. Mjane wake alidai fidia ile ile anayolipwa mjane wa mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya Colorado ilimnyima, ikisema kwamba marehemu hakuwa mwajiriwa wa chuo. Na Walter Byers, aliyeiongoza NCAA tangu 1951 hadi 1987, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba jina hilo lilibuniwa kwa sababu ya hofu ya madai ya namna hiyo. Aliyesema hivyo si adui wa NCAA. Ni mtu aliyeishika hatamu yake kwa zaidi ya miaka thelathini.

Chini ya jina hilo walipita vijana wengi waliotajirisha wengine. Mmojawapo ni Lew Alcindor, ambaye baada ya kusilimu dunia ilimjua kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Aliipa UCLA ubingwa wa taifa wa mpira wa kikapu miaka mitatu mfululizo, 1967, 1968 na 1969. Mwaka 2014, akiwa mzee, aliandika makala ya kutetea wanamichezo wa vyuo walipwe, akakumbusha jinsi yeye mwenyewe alivyoishi mfuko mtupu ilhali chuo kikivuna.

Na mavuno yenyewe yaliongezeka kila mwaka. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliinyang'anya NCAA udhibiti wa matangazo ya futiboli kwenye televisheni, na kuanzia hapo vyuo vikawa vinauza mechi zao vyenyewe kwa makundi. Mwaka 2010 mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume yaliuzwa kwa televisheni kwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14. Mwaka 2016 mkataba huo ukaongezwa hadi 2032 kwa dola bilioni 8.8 zaidi. Mwaka 2022 kundi moja tu la vyuo, Big Ten, liliuza matangazo yake ya miaka saba kwa zaidi ya dola bilioni saba. Je, kuna mwenye akili timamu anayeweza kusema kwamba bidhaa inayouzwa mabilioni imetengenezwa bila ya kazi?

Mahakama yaufungua mlango

Waliodhulumiwa hawakunyamaza. Mwaka 2009 Ed O'Bannon, aliyekuwa nyota wa UCLA, alifungua kesi baada ya kuona sura yake ikiuzwa katika mchezo wa kompyuta naye hapati hata senti. Mwaka 2014 Jaji Claudia Wilken alimpa haki. Juni 2021, katika kesi ya Alston, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliamua kwa kauli moja dhidi ya NCAA. Mmoja wao, Jaji Kavanaugh, aliandika kwamba hakuna biashara nyingine yoyote nchini humo inayoweza kukubaliana kutowalipa wafanyakazi wake thamani ya kazi yao, kisha ikadai kwamba kutolipa huko ndiko kunakoipa bidhaa yake sifa.

Siku chache baadaye, tarehe 1 Julai 2021, mchezaji aliruhusiwa kuuza jina lake, picha yake na sura yake kwa wafanyabiashara. Kisha, tarehe 6 Juni 2025, Jaji Wilken aliidhinisha mapatano ya kesi ijulikanayo kwa jina la House. Kwa mapatano hayo takriban dola bilioni 2.8 zitalipwa katika muda wa miaka kumi kwa wachezaji wa zamani waliokoseshwa haki hiyo. Aidha, kuanzia Julai 2025, kila chuo kinachoyakubali kinaweza kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, kwa kiwango kisichozidi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza.

Hadi hapo tunasema: haki imekaribia. Lakini tazameni, ndugu wasomaji, kilichofuata. Vyuo vilivyokuwa vikivuna mabilioni vilipoambiwa vilipe, havikuanza kwa kuitazama hazina yao. Vilianza kupitisha kapu.

Kapu la kwanza: mchango ulioitwa sadaka

Kuanzia mwaka 2021 mashabiki matajiri waliunda vikundi vya michango, kimoja au zaidi kwa kila chuo kikubwa. Kazi yake ni kukusanya fedha kwa washabiki na kuwapa wachezaji kwa jina la matangazo: kijana anatia saini mipira, anahudhuria karamu, anatuma ujumbe wa video, naye analipwa maelfu. Kila mtu alijua kwamba kinacholipwa si saini bali ni mchezo wa Jumamosi. Mwaka 2024 Ross Bjork, mkuu wa michezo wa Ohio State, alitaja kwamba wachezaji wake wa futiboli walikuwa wakipata kiasi cha dola milioni 20 kwa njia za namna hiyo. Januari 2025 timu hiyo ikatwaa ubingwa wa taifa.

La kusikitisha zaidi ni kwamba baadhi ya vikundi hivyo vilijisajili kuwa taasisi za hisani, ili mchangiaji apunguziwe kodi kana kwamba amelisha mayatima. Mwaka 2023 mamlaka ya mapato ya Marekani ilitoa waraka ikisema kwamba vingi kati ya vikundi hivyo havistahili msamaha huo, kwa kuwa wanaonufaika ni watu binafsi na wala si umma.

Sisi watu wa misikiti tunaijua sadaka. Tunajua pia kwamba sadaka ina wenyewe, na kwamba tajiri hawezi kuchukua kapu la sadaka akawalipia mishahara ya wafanyakazi wake. Akifanya hivyo amekosea mara mbili: amewanyima maskini haki yao, na amemgeuza mfanyakazi kuwa mwombaji. Mchezaji anayelipwa kwa hisani ya mashabiki hana wa kumdai siku mashabiki watakapochoka.

Kapu la pili: wanafunzi na watazamaji

Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Tennessee kilitangaza kwamba tiketi za msimu wa futiboli za mwaka 2025 zitaongezwa asilimia kumi kwa jina la ada ya vipaji, ili kupata fedha za wachezaji. Mtazamaji ana hiari. Asiyetaka asiende uwanjani. Lakini mwanafunzi je? Mwaka huo huo Clemson ilianzisha ada ya michezo ya dola 150 kwa kila muhula. Na vipo vyuo vingine vingi, hasa vile visivyo na mikataba minono ya televisheni, ambavyo idara zao za michezo zimeishi miaka mingi kwa ada wanazotozwa wanafunzi wote, hata yule asiyejua uwanja uko upande gani.

Huu ni uonevu. Kijana aliyekopa ili asome udaktari au ualimu anabebeshwa sehemu ya gharama ya timu ambayo faida yake haimfikii. Deni la mwajiri haliwezi kuhamishiwa kwa mpita njia.

Kapu la tatu: kamari

Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wasome kwa makini. Mwaka 2025 bunge la jimbo la Louisiana lilipandisha kodi ya kamari ya michezo ya mtandaoni kutoka asilimia 15 hadi 21.5, na kuelekeza robo ya kodi hiyo kwenye mfuko wa wanamichezo wa vyuo vya umma. Ilikadiriwa kwamba mfuko huo ungepata kiasi cha dola milioni 24 kwa mwaka, zigawanywe kwa vyuo 11. Huko North Carolina nako, tangu kamari ya michezo ya mtandaoni iliporuhusiwa Machi 2024, sehemu ya kodi yake hupelekwa kwenye idara za michezo za vyuo vya umma.

Zingatieni mgongano uliomo. NCAA imemkataza mchezaji kubeti, na ni sawa kumkataza. Wakati huo huo, NCAA hiyo hiyo inalalamika kwamba wachezaji hutukanwa na kutishiwa na watu waliopoteza dau juu yao. Kisha serikali inachukua sehemu ya fedha za waliopoteza dau hilo, inaipeleka kwa mchezaji yule yule aliyetukanwa, na kusema: hii ni kwa manufaa yako. Kadiri watu wanavyozidi kupoteza, ndivyo mfuko unavyozidi kujaa. Je, ni heshima gani hii anayopewa kijana, kwamba bima yake na matibabu yake yategemee maangamizi ya nyumba za watu?

Msimamo wetu juu ya kamari unajulikana na hatuna haja ya kuurudia. Tunachosema hapa kinaweza kukubaliwa hata na asiyekuwa wa dini yetu: mshahara halali unaweza kulipwa kutokana na faida ya kazi yenyewe, na faida hiyo ipo.

Kapu la nne: wawekezaji

Vyuo vingine vimegeukia kampuni. Aprili 2025 bodi ya Chuo Kikuu cha Kentucky ilipitisha kuihamishia idara yake ya michezo kwenye kampuni iliyoitwa Champions Blue. Desemba 2025 bodi ya Chuo Kikuu cha Utah iliidhinisha ubia na Otro Capital, kampuni ya uwekezaji. Viwanja navyo vimeuzwa: Juni 2024 NCAA iliruhusu nembo za wafanyabiashara kuchorwa kwenye nyasi zenyewe za futiboli.

Mwekezaji hatoi fedha kwa mapenzi ya timu. Anatoa ili arudishiwe na ziada. Basi aliyekuwa mdaiwa wa mchezaji sasa ana mdai mwingine mwenye nguvu kuliko mchezaji, na tunajua siku ya upungufu nani atalipwa kwanza.

Hazina iliyokuwapo

Watetezi wa vyuo hutuambia: idara za michezo hazina faida, kati ya vyuo zaidi ya 1,000 vya NCAA, ni vichache mno ambavyo mapato ya michezo yanazidi matumizi. Maneno hayo ni kweli, lakini hayajakamilika. Matumizi hayo ni yapi?

Novemba 2023 Texas A&M ilimfukuza kocha wake, Jimbo Fisher, ikabaki inadaiwa zaidi ya dola milioni 75 ili mtu huyo asifanye kazi. Oktoba 2025 LSU, chuo kikuu kikubwa cha Louisiana, ilimfukuza Brian Kelly kwa deni la takriban dola milioni 54. Sasa wekeni hesabu mbili za Louisiana pamoja. Mfuko wa kamari wa jimbo zima, kwa wanamichezo wa vyuo 11, kwa mwaka mzima, ni kiasi cha dola milioni 24. Deni la kumwondoa kocha mmoja wa chuo kimoja ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Fedha ya kumlipa mtu akae nyumbani ilipatikana. Fedha ya anayevunjika mifupa uwanjani ndiyo iliyotafutwa kwa wacheza kamari!

Kadhalika, kile kikomo cha dola milioni 20.5 kilipatikana kwa kuchukua asilimia 22 ya wastani wa mapato ya vyuo vikubwa kutokana na matangazo, tiketi na udhamini. Katika ligi za kulipwa za nchi hiyo hiyo, za mpira wa kikapu na futiboli, wachezaji hupata karibu nusu ya mapato, kwa sababu wana vyama vyao na huketi mezani na wenye timu. Wachezaji wa vyuo hawana meza hiyo. Machi 2024 wachezaji wa mpira wa kikapu wa Dartmouth walipiga kura 13 kwa 2 kuunda chama cha wafanyakazi. Chuo kilikataa kukaa nao, na mwisho wa mwaka huo waliliondoa ombi lao.

Wengine husema: mkiwalipa wa futiboli, michezo midogo itakufa. Ni kweli kwamba Machi 2025 Cal Poly ya California ilifuta timu zake za kuogelea, ikataja miongoni mwa sababu mapatano hayo ya House. Lakini nani aliyechagua kukata hapo? Chuo kinapoanza kukata kwa waogeleaji na kuacha mikataba ya makocha wakubwa kama ilivyo, kisitulaumu sisi tunaodai ujira. Kimechagua chenyewe nani aumie.

Na hapa twarudi kwa watoto wetu. Mgawanyo uliofuatwa na vyuo vingi vikubwa unakaribia huu: asilimia 75 kwa futiboli, 15 kwa mpira wa kikapu wa wanaume, 5 kwa mpira wa kikapu wa wanawake, na 5 kwa michezo mingine yote. Asilimia tano ya dola milioni 20.5 ni kama milioni moja, na humo mnagombaniwa na wakimbiaji, waogeleaji, wacheza tenisi na wengineo kwa mamia. Isitoshe, mgeni huingia kwa viza ya masomo, ambayo hairuhusu kazi ila kwa masharti mafinyu. Hata dili ya viatu anayopewa mwenzake, yeye huiogopa asije akafukuzwa nchini.

Ahadi za mdomo

Jambo la mwisho ni mikataba. Septemba 2024 mchezaji wa nafasi kubwa katika timu ya UNLV aliondoka baada ya mechi tatu tu. Wakala wake alisema kijana aliahidiwa dola 100,000 kwa mdomo na hakulipwa, nacho chuo kikakana kuvunja makubaliano. Kabla yake, mchezaji mwingine aliyekuwa aende Chuo Kikuu cha Florida aliwekewa mkataba wa zaidi ya dola milioni 13 na kikundi cha michango. Mkataba ukavunjwa, naye akafungua kesi mwaka 2024. Haya ndiyo matunda ya ujira usiotajwa kwa jina lake. Penye mwajiri na mwajiriwa pana maandishi, na penye maandishi pana shahidi.

Tunasema nini?

Tunasema mambo matatu. Kwanza, mchezaji aitwe mfanyakazi, ili akiumia atibiwe kwa haki, na akifa mjane wake asifukuzwe mahakamani kama alivyofukuzwa mjane wa Dennison. Pili, alipwe kutokana na mapato ya michezo yenyewe, kwa kupunguza ya makocha na wakuu kabla ya kumgusa mwanafunzi au kupokea fedha ya kamari. Tatu, kilichokubaliwa kiandikwe.

Na kwa wazazi wa Eldoret, Iten, Arusha na kwingineko ambao watoto wao wanaitwa kwenda kukimbilia vyuo hivyo, nasaha yetu ni hii: msifurahie barua ya ufadhili kabla ya kuisoma. Ulizeni ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa muda wote wa masomo. Ulizeni mtoto akiumia nani atamtibu, na akishindwa kukimbia kama ataendelea kusoma. Ulizeni kama timu anayoiendea ni miongoni mwa zile zinazofutwa kwanza fedha zikipungua. Majibu myatake kwa maandishi. Kocha mwema hatachukizwa na maswali hayo. Na anayechukizwa nayo atakuwa ameshawajibu.

Wabillahi tawfiq.